Mikeka inaota ukungu masika: nifanye nini?

*"Assalamu alaykum bibi. Nimerudi kwetu Konde, Pemba, baada ya miaka kadhaa ya Dar es Salaam. Shangazi yangu amenifundisha upya kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, na nia yangu ni kuishi kwa kazi ya mikono, bila mbio za mjini. Masika hii nilisuka na kushona mikeka na misala ya kusalia kwa ajili ya duka moja la Mji Mkongwe. Kila niliyomaliza niliizungusha nailoni isipate mvua. Mzigo ulipofunguliwa Unguja karibu wote ulikuwa umeota ukungu, na mingine rangi imechuja. Shangazi anasema niioshe kwa maji ya pwani, jirani anasema nipake vanishi, na mume wangu siku hizi anaianika chumbani juu ya seredani ya mkaa. Tuna mtoto mwenye pumu. Je, niache kusuka wakati wa masika? Nikirudi kwenye rangi za asili tatizo litaisha? Na kweli mtu anaweza kuishi kwa ukili kama walivyoishi bibi zetu?"*

Waalaykum salaam, mwanangu. Nitaanza na seredani, maana hiyo haingoji.

Itoeni chumbani leo hii. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, hulegea, hulala, na wengine hawaamki. Mwenye pumu hata kabla ya kufika huko kifua kimeshambana. Na kwa upande wa mikeka hamfaidiki kitu. Seredani inatoa maji kwenye ukili na kuyatia kwenye hewa ya chumba, na madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, usiku ukipoa maji yale yale yanarudi kwenye ukili. Wazee wetu waliweka mbegu na vyombo vya miyaa uchagani juu ya mafiga, ndiyo, lakini jiko lile lilikuwa banda la makuti linalopitisha moshi pande zote, wala hapakuwa na mtu aliyelala humo.

Sasa mikeka yenyewe. Maelezo yako yananionesha unaamini ukungu umeletwa na mvua, ndiyo maana ukaikinga mikeka kwa nailoni. Fungua mmoja ulioharibika uutazame vizuri. Angalia ukungu umeanzia wapi. Nadhani utauona umefuata mishono, pale ukili mmoja unapolalia mwenzake, na umezidi upande wa ndani wa mzingo, huku ukingo wa nje ukiwa na nafuu. Mvua ingekuwa ndiyo iliyoingia, ungeona kinyume chake. Maji yaliyoozesha mikeka yako uliyatia wewe mwenyewe ulipokuwa unasuka.

Si kosa la mkono. Chane, yaani vipande vyembamba vya jani vilivyochanwa, zikiwa kavu hazisukiki, hukatika, kwa hiyo kila msukaji huzilowesha. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, maji hayo hutoka yenyewe huku unasuka. Ukifika mwisho wa pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mwanzo wake umeshakauka. Masika maji hayo hayaendi popote. Hewa imeshiba maji, haina pa kupokea mengine. Wewe ukachukua ukili ambao moyo wake bado ni mbichi, ukaushona, ukauzungusha, ukaufunga nailoni. Nailoni inazuia mvua isiingie, na inazuia vilevile unyevu usitoke. Mchana mzigo umepata joto, maji yametoka kwenye ukili kama mvuke. Usiku umepoa, mvuke umeganda matone kwenye nailoni na kudondokea mkeka. Mwendo huo tangu Konde mpaka bandarini, na baharini, na ghala ya duka.

Mbegu za ukungu usihangaike nazo. Zimo hewani mwaka mzima, ni ndogo hazionekani, na hakuna dawa ya kuzimaliza. Jani la ukindu ni chakula chao, na jasho na mafuta ya mikono yetu ni kitoweo. Kinachokosekana ni maji tu. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75 na kukaa hapo siku kadhaa mfululizo, zinachipua. Pemba mwezi wa Aprili na Mei, na sisi tunapata mvua kuliko Unguja, hewa hukaa juu ya hapo usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana.

Kuhusu maji ya pwani, mheshimu shangazi lakini usiyatumie. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Itazame chumvi ya jikoni kwako wakati wa masika: inalowa ndani ya kopo bila mtu kuitia tone. Mkeka ulioshwa kwa maji ya bahari ukabaki na chumvi katikati ya chane utafanya hivyo hivyo. Chumvi iliyobaki ni haba, haitoshi kuua ukungu kama inavyoua uozo kwenye papa mkavu, lakini inatosha kuuweka mkeka katika hali ya ubichi. Shangazi huenda amewaona wazee wakiosha mikeka pwani wakati wa kaskazi, ikatoka mizuri. Iliyofanya kazi pale ni jua. Au labda anafikiria makumbi ya nazi, ambayo tunayafukia pwani miezi mingi kabla ya kuyaponda tupate usumba, na hayaoti ukungu. Ni kweli, ila yale yako chini ya tope na maji, hayapati hewa, na ukungu bila hewa hauishi. Huko chini vijidudu vingine ndivyo vinavyokula, vinamaliza nyama laini ya kumbi na kutuachia nyuzi. Mkeka wa kulalia huwezi kuufukia.

Vanishi sitaki hata kuizungumza sana. Inafunga upande mmoja, unyevu unapita wa pili na kukosa njia ya kutokea. Mkeka ukikunjwa inapasuka. Na msala unaonuka vanishi nani ataweka paji la uso juu yake?

Basi uache kusuka masika? Usiache. Kusuka ndiyo kazi hasa ya masika, kwa sababu chane zinakuwa laini na mtu hana pa kwenda. Kinachotakiwa kungoja ni kushona. Suka ukili, uuache ukiwa ukili. Kamba moja ya ukili inayoning'inia inapitisha upepo pande zote mbili. Ukishaushona mkeka umeshafunga milango. Tundika mizingo mikubwa, iliyolegea, kwenye kamba chini ya paa la ukumbi, mahali upepo unapita. Isiguse ukuta. Ukuta wa udongo au wa mawe na chokaa hunywa maji kutoka chini na kuyatoa polepole, na ukili uliouegemea utaota ukungu upande huo huo tu. Usiuweke chini ya kitanda, na wala usiufungie sandukuni.

Halafu punguza maji ya kusukia. Wengi tunatosa fungu zima kwenye beseni. Wakati wa masika chukua chane za jioni hiyo peke yake, uzifunge kwenye kitambaa kilichokamuliwa vizuri, ziache saa chache. Zitalainika zisukike, na hazitakuwa zimeshiba. Zikibaki, usizirudishe kwenye fungu kavu. Zianike peke yake.

Juni ikiingia na upepo wa kusi umeshika, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, litoke. Kipupwe bado kina manyunyu ya mchoo, na jua lake si la kutisha, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 22. Lakini upepo haukatiki, na upepo unakausha ukili kuliko jua la saa mbili lenye mawingu. Shona wakati huo. Mteja wako wa Mji Mkongwe pia hatapata hasara, kwani wageni wanaanza kuwa wengi kuanzia Juni na Julai.

Jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza: ukindu wako uliukata lini? Kama ulikatwa mvua zimeshaanza, hapo nusu ya tatizo imeshaelezeka. Kuti changa la kati linatakiwa likutane na jua kali siku kadhaa mpaka liwe jeupe. Hilo ni jua la kaskazi. Lililokatwa Aprili hubaki na rangi ya majani majani, na maji yake ya asili hayatoki yote hata ulianike wiki. Mwakani weka akiba yako kabla ya Machi, uitundike juu, na masika ikukute na fungu la kutosha.

Utajuaje ukili umekauka? Macho hayaoni. Uweke shavuni: mbichi hupoza ngozi, mkavu hauna baridi. Upinde karibu na sikio: mkavu unalia kidogo, mbichi unapindika kimya. Ukitaka uhakika zaidi, kata kipande kirefu kama kidole, ukitie kwenye chupa nyeupe kavu yenye kifuniko, uiache juani saa moja. Ukiona ukungu wa mvuke au vitone ndani ya kioo, bado. Na kama mwenye duka jirani ana mizani, pima mzingo mmoja asubuhi siku mbili tatu mfululizo. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama, umefika pale hewa ya msimu ule inaporuhusu. Mimi naamini mizani kuliko vidole vyangu.

Iliyokwisha kuota ukungu usiitupe yote. Ipeleke nje, mbali na mtoto, simama upepo ukiwa mgongoni kwako, ujifunge kitambaa puani na mdomoni. Kwanza ipige na kuisugua kwa brashi ikiwa kavu, kufuata mishono. Kisha pitisha kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe na kukamuliwa, pande zote mbili, na uianike juani ukianza na upande wa chini, maana jua linalofaa kukausha ndilo linalopausha rangi. Ule weupe na kijani wa juu utatoka. Madoa meusi hayatoki, hayo yameshaingia ndani ya jani. Ukungu utakuwa umekufa, alama imebaki. Dawa ya klorini inaweza kuyafifisha lakini inakula nyuzi na rangi, mkeka unakatika baada ya muda mfupi. Wenye madoa meusi usiuze, hata kwa bei ya chini, jina lako bado ni changa. Tumia mwenyewe uani kwa kazi nyingine, ila usianikie juu yake chakula wala karafuu.

Rangi iliyochuja ni kesi ya peke yake. Jani la ukindu lina ngozi ya nta. Rangi ya unga ikitiwa kwenye maji ya moto kiasi hukaa juu ya nta hiyo, inapendeza siku ya kwanza, na ikipata unyevu inahama. Chane zitiwe maji yakiwa yanachemka, zichemke mpaka rangi iingie, uipoze ndani ya sufuria hiyo hiyo, kisha uzisuuze mara nyingi kadiri inavyotakiwa mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini. Kabla ya kusuka, sugua chane moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, irudishe kwenye maji. Wengi hukimbilia kusuka kwa sababu kusuuza kunachosha na maji ya kisima yanachotwa, nalielewa hilo, lakini msala mweupe wenye maua mekundu ukichuja hauna mnunuzi.

Rangi za asili zinapendeza na wageni wanazitaka. Hazizuii ukungu. Utakuwa unachemsha, unalowesha na unakausha vilevile. Na zenyewe hazifanani kwa uimara. Manjano, ile bizari ya jikoni, inatoa rangi tamu sana na haidumu juani; tena ikikutana na sabuni au chokaa inageuka nyekundu. Jaribu, dondoshea chane ya manjano maji ya sabuni ya kufulia uone. Mteja asiyejua atadhani amepewa kitu kibovu, kwa hiyo mwambie mapema, au itumie kwenye kawa na vipepeo visivyofuliwa. Mzingefuri, zile mbegu nyekundu za kutia rangi, nao unapauka. Zinazokaa ni zile za mizizi na magamba yenye ukakasi: mdaa, unaotoa kahawia iliyoiva mpaka nyeusi, na gamba la mkandaa lenye wekundu wa udongo. Ukitia misumari yenye kutu kwenye sufuria ya ukakasi huo rangi inakwenda nyeusi kabisa. Lakini mkandaa ni mkoko, na mikoko haikatwi bila kibali cha watu wa misitu. Waende uwaulize kwanza. Mdaa nao ukichimba mzizi wote umeua mti. Chimba wa pembeni, funika, nenda mti mwingine. Kwa anayeanza, ningekushauri ubaki na rangi za kuchemsha ulizonazo mpaka kusuuza kuwe tabia, kisha ujaribu mdaa kwa mafungu madogo.

Kuna watakaokwambia uweke karafuu katikati ya mikunjo. Mafuta ya karafuu kweli yanapingana na ukungu, lakini konzi moja ndani ya mkeka hutoa harufu na kufukuza wadudu. Haikaushi kitu. Weka baada ya mkeka kukauka, kwa ajili ya harufu.

Umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa ukili kama bibi zetu. Bibi zetu hawakuishi kwa ukili, mwanangu. Hilo ni jambo tunalolisahau tukiwa mjini tumechoka na foleni. Walisuka jioni na wakati wa mvua, mikono ikiwa haina kazi nyingine. Mchana walikuwa na muhogo na migomba, kuku uani, nazi za kukuna na za kuuza. Bamvua likitoka walikwenda pwani kwa chaza na pweza. Karafuu zikiiva nyumba nzima ilichuma na kuchambua. Mwani umekuja baadaye, miaka ya mwisho ya 1980, na sasa unashika nafasi kwenye nyumba nyingi za pwani. Mkeka mmoja mzuri ni wiki kadhaa za jioni, na mwenye duka anauza, anakatwa, analipa kodi ya pango, ndipo anakukumbuka wewe. Ukiutegemea ukili peke yake kulipa ada na umeme, Mei utakuwa na mikeka mingi na huna senti. Ukili ukiwa mkono mmoja kati ya mikono mitatu minne ya nyumba, unakaa vizuri.

Na kuna soko ambalo liko mlangoni kwako. Karafuu za msimu mkubwa huanza kuchumwa kuanzia Julai hivi, na kila mwenye mikarafuu anahitaji majamvi ya kuanikia. Jamvi ni la miyaa, ukili wake mpana, halitaki rangi wala maua, linakwenda mbio kuliko msala. Suka ukili wake Aprili na Mei, shona Juni, mnunuzi anakuja kuchukua kwa miguu. Halivuki bahari, halifungwi nailoni. Kwa hali yako ya sasa ningeyatanguliza majamvi, na misala ya Mji Mkongwe ningeipunguza iwe michache ya hali ya juu.

Jioni ambazo hata chane za kitambaani zinakataa kukauka, shona kofia ya mkono. Uzi na kitambaa havitaki maji. Ila usiitie wanga mpaka karibu na kuuza, kwani wanga ni chakula cha ukungu kushinda hata ukindu.

Mtoto asilale chumba kimoja na mikeka, mipya wala ya zamani, mpaka masika yaishe. Vumbi la ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Mpeleke kituo cha afya hata akiwa na nafuu, uwaeleze kwamba nyumbani kulikuwa na ukungu na moshi wa mkaa, waangalie kama dawa anazotumia zinamtosha. Lakini akianza kupumua mbio, mbavu zikiwa zinaingia ndani, akishindwa kumaliza maneno au kunyonya, midomo ikibadilika rangi, au dawa ya kuvuta haimsaidii, usingoje kupambazuke. Wete au Micheweni, popote mtakapopata gari kwanza. Na kama yeyote kati yenu aliumwa kichwa au alisikia kizunguzungu siku za seredani, mseme hapo hapo.

Kama umefanya yote haya, ukindu wa kaskazi, maji kidogo, kushona kipupwe, na ukili bado unakatika au unanuka, hapo jibu la kuandika halitoshi. Chukua pima moja ya ukili na fungu la chane ambazo hazijasukwa, umpelekee fundi mkongwe wa Micheweni au Wete azishike. Huenda ni jani lililokomaa kupita kiasi, au mkindu wa mahali pakavu, na hilo linajulikana kwa mkono.

Mwenye duka mwandikie sasa. Mwambie misala itafika mwisho wa Julai, na ile iliyoota ukungu utambadilishia. Siku ya kusafirisha izungushie kanga chakavu au gunia la mkonge, nailoni iwe ya juu kabisa kwa ajili ya chombo tu, na umwombe aitoe siku ile ile mzigo unapofika na kuitundika dukani, asiirundike sakafuni.